“Endelevu” si “Inayoendelea”

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, tulipomaliza kuzibua mtaro wa mtaani kwetu hapa Moshi, kiongozi aliyetusimamia alitushukuru, kisha akatamka maneno ambayo siku hizi hayakosekani katika hafla yoyote: “Zoezi hili ni endelevu.” Alikuwa na maana kwamba mwezi ujao tutarudi na mafagio yetu. Taka tulizozitoa, chupa za plastiki na nepi zikiwemo, zilibaki zimerundikwa ukingoni mwa mtaro uleule, zikingoja mvua izirudishe. Kwa hali hiyo zoezi litaendelea bila shaka yoyote; kuwa endelevu ni jambo jingine.

Kwa ufupi, jambo huwa endelevu likiweza kudumu bila kumaliza kile linachokitegemea. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway, ililieleza hivyo mwaka 1987 kwa kutaja vizazi: tukidhi mahitaji yetu bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi yao.

Kinachonisumbua ni ule mkia wa neno. Kitenzi “enda” kilizaa “endea”, kikazaa “endelea”, nasi tukakitia kiambishi “-vu” tukapata kivumishi. Kiambishi hicho hakisemi kwamba tendo linatendeka sasa. Kinataja sifa iliyomo ndani ya mtu au kitu. Msikivu hubaki msikivu hata akiwa amelala fofofo, na mvumilivu huitwa hivyo hata siku ambayo hakuna aliyemuudhi. Mtoto aliyetulia kwa sababu ana homa si mtoto mtulivu, na hakuna mama asiyeijua tofauti hiyo. Vivyo hivyo, mradi unaoendelea unaweza kuwa unaendelea kwa sababu tu akiba haijaisha. Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony nchini Ujerumani, aliliona hilo mwaka 1713, pale tanuri za kuyeyushia madini zilipokuwa zikimaliza misitu, akaandika kwamba miti isikatwe kwa wingi kuliko inavyoota. Ukataji ule ulikuwa ukiendelea vizuri sana, na hiyo ndiyo sababu ulimtia hofu.

Huku mlimani Kilimanjaro sifa hiyo ilikuwepo bila kuitwa jina. Katika kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga linalozunguka nyumba, migomba iliitilia kahawa kivuli, ng’ombe wa zizini alilishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi ikarudi shinani. Kihamba kimoja ninachokifahamu vizuri, upande wa Kibosho, kiligawanywa kwa watoto watatu wa kiume, kisha kwa wajukuu, na leo mistari ya masale, mimea inayopandwa kuwa mipaka, inayotenganisha vipande imekaribiana kiasi kwamba mbuzi aliyefungwa kwa mmoja hula migomba ya mwingine.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kusema kwamba basi tatizo ni kuzaana, na kwamba jamii endelevu ni jamii yenye watu wachache. Idadi ina uzito wake, wala siibezi: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 12, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Lakini idadi haisemi chochote mpaka izidishwe kwa kiasi ambacho kila mtu anatumia. Hewa ya ukaa itokanayo na nishati za kisukuku, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi, ikigawanywa kwa kila mkazi, haifiki nusu tani kwa mwaka hapa Tanzania, ilhali nchini Marekani inapita tani 13. Ni zaidi ya Watanzania ishirini kwa Mmarekani mmoja. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Katika kihamba kilekile cha Kibosho, kipande kisichotoa tena hata mkungu mmoja wa ndizi ndicho chenye watu wachache kuliko vyote: mwenyewe anaishi mjini, amejenga nyumba ya ghorofa yenye vyumba saba, amekata migomba yote na kutandaza pevingi hadi kwenye masale, naye huja Krismasi, akakaa wiki mbili, akafunga geti. Ndugu zake tisa waliobanana kwenye kipande cha pili bado wanachuma ndizi. Sisemi kwamba hao tisa wako salama, kwa maana watoto wao nao watataka kugawana, ila anayehesabu vichwa peke yake ataanza kumlaumu asiyehusika.

Kiongozi wetu, basi, hakuwa na haja ya neno zito kiasi hicho. Angesema tu “zoezi hili litafanyika kila mwezi,” nasi tungemwelewa na asingekuwa amekosea, na hilo “endelevu” akaliweka kando kwanza hadi atakapotuambia gari la taka litapita lini.