Je, wajua vijana wa Kiyahudi wa madhehebu tofauti hushikaje Sabato moja pamoja?

Ijumaa jua likizama, sheria ya Kiyahudi inakataza kuwasha moto mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi usiku. Sasa wachukue vijana wa Kiyahudi wa Marekani wa miaka 16 na 17, uwaweke mahali pamoja kwa wiki kadhaa za likizo ya kiangazi. Mmoja hagusi hata swichi ya taa siku hiyo. Mwingine amekulia katika sinagogi ambamo rabi ni mwanamke na gitaa hupigwa Ijumaa hiyohiyo. Wa tatu hajui sala hata moja kwa Kiebrania, lakini bibi yake alikuwa akiwasha mishumaa naye anataka kujua kwa nini. Wote wanaitaka Sabato. Wanaishikaje pamoja?

Kambi nyingi za likizo za vijana wa Kiyahudi zimekwepa swali hili kwa kuchagua upande. Kambi ya kwanza ya Ramah, ya Wahafidhina (hushika sheria ya kale, ila huruhusu ibadilike polepole), ilifunguliwa Wisconsin mwaka 1947. Wanamageuzi, wanaomwachia kila mtu aamue ashike sheria zipi, wakafungua yao katika jimbo hilohilo mwaka 1952. Waorthodoksi, wanaoshika sheria kwa ukali zaidi (hawa ni Wayahudi, wala si wale wa kanisa la Kigiriki), nao wana zao. Lakini zipo programu zinazowachanganya vijana kwa makusudi. Inayojulikana sana ni Bronfman Fellowship, iliyoanzishwa mwaka 1987 na tajiri Edgar M. Bronfman. Huchagua vijana 26 kwa mwaka kutoka Marekani na Kanada, wa kila mkondo na wasio na mkondo, wakasome na kuishi pamoja.

Hao wasio na mkondo si wachache. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya Wayahudi watu wazima wa Marekani, asilimia 37 ni Wanamageuzi, 17 Wahafidhina, 9 Waorthodoksi, na 32 hawajihesabu katika mkondo wowote.

Kazi ya kuwaweka pamoja huanzia jikoni, na historia inaonyesha sababu. Mwaka 1883, mjini Cincinnati, chuo cha Hebrew Union kilifanya karamu kubwa baada ya kuwaweka wakfu marabi wake wa kwanza. Mezani wakaletewa kaa, kamba na miguu ya vyura, vyote haramu kwa sheria ya Musa. Wageni waliozishika sheria hizo walikasirika mno, na karamu hiyo bado inatajwa kila inaposimuliwa jinsi Wayahudi wa Marekani walivyogawanyika. Chuo cha marabi wasioridhika na mageuzi hayo kilianzishwa New York miaka mitatu baadaye.

Kwa hiyo programu za mchanganyiko hupika chakula cha kosha tu, yaani kilicho halali kwa sheria ya Kiyahudi. Hoja yake ni nyepesi: anayebanwa na sheria hawezi kula chakula cha mwenzake, ila mwenzake anaweza kula chake. Ndivyo inavyokuwa na mahali pa wote siku ya Sabato. Gitaa hupigwa kwa nguvu zote Ijumaa alasiri, kisha huwekwa chini kabla mishumaa haijawashwa, kwa desturi dakika 18 kabla ya jua kuzama. Chumbani mwake kila mtu na dhamiri yake.

Hoja hiyo ikifika kwenye sala, inakwama. Waorthodoksi huketi wanaume kando na wanawake kando, pazia katikati. Sala kadhaa, kama Kadishi (sala ya kumtukuza Mungu, ambayo waliofiwa pia huisali), hazisaliwi bila watu 10 waliofikia umri wa kushika sheria, na kwao 10 hao ni wanaume. Wahafidhina waliruhusu wanawake wahesabiwe mwaka 1973. Wanamageuzi walikuwa wamemweka wakfu rabi mwanamke, Sally Priesand, mwaka mmoja kabla. Msichana wa Kimageuzi akiambiwa akae nyuma ya pazia ili mwenzake asali kwa amani, haombwi kulegeza jambo dogo. Usawa wake mbele ya Mungu ni imani ya dini yake, sawasawa na pazia lilivyo kwa yule mwingine. Nashikilia hili kwa sababu watu wengi humchukulia mwenye sheria kali kuwa ndiye mwenye dini, na yule mwingine kuwa mvivu tu.

Njia zilizobuniwa zinaonyesha akili nyingi. Mojawapo ni kugawa ukumbi sehemu tatu: wanaume, wanawake, na sehemu ya wanaopenda kuketi pamoja. Nyingine ni kuichambua sala yenyewe. Zaburi na nyimbo za kuikaribisha Sabato, desturi iliyokua mjini Safed, Galilaya, katika karne ya 16, hazihitaji watu 10, hivyo baadhi ya Waorthodoksi hukubali msichana aziongoze. Jumuiya ya Shira Hadasha, iliyoanza Jerusalem mwaka 2002, imesimama juu ya uchambuzi wa aina hiyo: sala zinazohitaji hesabu husubiri wanaume 10 na wanawake 10 wafike.

Hata hivyo Waorthodoksi wengi hawakubali hata hilo. Basi vijana husali vyumba tofauti, halafu hukutana mezani. Wiki inayofuata anayetaka huenda kutazama sala ya wenzake, na wenyeji humweleza wanachofanya na kwa nini.

Kinachowaunganisha kwa urahisi zaidi ni kusoma. Wawili wawili, ukurasa mmoja wa Talmudi (mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale), kila mmoja akimbana mwenzake kwa maswali. Ukurasa unaopendwa sana ni ule wa shule za walimu wawili wa kale, Hillel na Shammai, zilizobishana miaka mitatu hadi sauti ya mbinguni ikasema kwamba maneno ya pande zote mbili ni ya Mungu aliye hai, ila sheria ifuate Hillel. Kwa nini Hillel? Kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wapole, na walitaja kwanza hoja za wapinzani wao ndipo wakataja zao.

Migawanyiko hii haiko Marekani tu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, ambao mababu zao walishika Uyahudi pamoja na Semei Kakungulu mwaka 1919. Mwaka 2002 mamia kati yao waliongolewa rasmi na marabi Wahafidhina, na rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles. Wenzao wa kijiji cha Putti wakashika njia ya Kiorthodoksi.

Liko swali moja ambalo si jiko wala ukumbi wa sehemu tatu unaoweza kulitatua. Mwaka 1983 marabi wa Kimageuzi wa Marekani waliamua kwamba mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi anaweza kuhesabiwa kuwa Myahudi, mradi amelelewa hivyo. Waorthodoksi na Wahafidhina hufuata mama. Kijana wa namna hiyo anaweza kula, kusoma na kucheka na wenzake mwezi mzima, kisha asubuhi moja wakawa tisa katika sala ya Kiorthodoksi wanamtafuta wa kumi, na yeye amesimama palepale mlangoni. Programu haiwezi kumwamrisha yeyote amhesabu. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba anayekataa kumhesabu anamjua kwa jina, na kwamba wataketi meza moja mchana waelezane.