Theluji ya kwanza kwenye milima ya Cairngorms: dhana potofu na ukweli

Mtu aliyewahi kufika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, akiambiwa kwamba Cairn Gorm wa Uskoti, mmoja wa milima ya Cairngorms, una mita 1,245 tu, huenda akacheka, maana kimo hicho hakifikii hata lango la Marangu. Hapo ndipo inapozaliwa dhana kwamba mlima mfupi ni mlima mpole. Cairn Gorm uko nyuzi 57 kaskazini mwa ikweta, na tarehe 20 Machi 1986 kituo cha hali ya hewa kilichopo kileleni kilipima upepo wa takriban kilomita 278 kwa saa. Tena Kilimanjaro hupandwa pamoja na mwongozaji na wapagazi, ilhali Uskoti sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani bila kibali, kwa hiyo hakuna wa kumwambia ageuze.

Dhana inayoponza wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba theluji ya kwanza haina neno kwa kuwa ni ya sentimita chache. Theluji ya Februari iliyoshindiliwa na kuganda hubeba uzito wa mtu, na vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu huishika barabara. Ile ya Novemba mara nyingi huangukia ardhi ambayo bado haijaganda. Hufunika vichaka na mianya iliyo kati ya mawe bila kuijaza, hivyo mguu hudumbukia hadi gotini na kukutana na jiwe lenye utando wa barafu. Vile vyuma navyo hujaa theluji tepetepe inayogandamana chini ya soli kama donge la ugali, na aliyevivaa akateleza kuliko asiyevivaa. Njia ya saa mbili wakati wa kiangazi yaweza kuchukua saa nne, na katikati ya Novemba jua huzama huko yapata saa kumi alasiri. Tochi ya kichwani si mzigo wa ziada.

Wapo pia wanaosadiki kwamba maporomoko ya theluji hayatokei mapema hivyo, au kwamba husababishwa na kelele. Sauti ya mtu haina nguvu hiyo. Mara nyingi anayeyaanzisha ni mtembeaji mwenyewe kwa uzito wa hatua zake, hasa kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Upepo huipeperusha theluji ya uwanda wa juu wa milima hii na kuirundika upande uliokingwa, kwa hiyo penye sentimita tano na penye kina cha kiunoni hupakana. Na kwa kuwa taarifa rasmi za Uskoti kuhusu maporomoko kwa kawaida huanza kutolewa Desemba, mtembeaji wa Novemba hujipimia hatari mwenyewe.

Kuhusu wiski ya kupasha mwili joto, jibu ni fupi: hupanua mishipa ya ngozi, na joto la ndani likapotea haraka zaidi.

Utulivu wa bondeni nao si dalili ya utulivu wa juu. Glenmore, chini ya Cairn Gorm, pakiwa na nyuzi 5 za selsiasi, kilele kilicho mita 900 juu yake huweza kuwa kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 60 kwa saa huifanya ngozi ihisi kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Wingu likishuka, theluji na anga huwa weupe mmoja, hata mtu asijue kama mbele yake ni tambarare au ukingo wa genge. Hapo macho hayafai kitu, ila ramani na dira.

Novemba 1971 watu sita, watano kati yao wakiwa wanafunzi kutoka Edinburgh, walifariki kwa baridi kwenye uwanda wa juu wa Cairngorms. Kundi lao lilikuwa likielekea kibanda kidogo cha kujihifadhi, lakini halikukifikia. Kibanda hicho kiliondolewa miaka michache baadaye, kwa hoja kwamba kuwepo kwake kuliwavuta watu kwenda mahali ambapo wasingeweza kukipata dhoruba ikianza.