Kurasa 13 zinazopanga siku ya Kalasinga

Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha sisi Makalasinga, yaani Wasikh, kina kurasa 1430, na mpangilio wake ni uleule dunia nzima, yaani mstari ulio ukurasa wa 462 kule Amritsar, India, ndio ulio ukurasa wa 462 gurudwara (nyumba yetu ya ibada) yoyote ya Nairobi. Sasa ndani ya hizo 1430 kuna 13 za kwanza ambazo kwangu mimi ndo ufunguo wa kila kitu. Ukurasa wa 1 hadi wa 8 ni Japji, hiyo ya alfajiri. Kuanzia hapo mpaka wa 12 ni nyimbo za jioni, halafu wa 12 na 13 ni Sohila, ya kulala. Zikiisha hizo, ukurasa wa 14, ndo kitabu kinaanza kufuata raga, yaani mitindo ya muziki wa Kihindi ya kuimbia nyimbo hizo, na raga ziko 31, zinakupeleka mpaka karibu na mwisho.

Mpango huo uliwekwa makusudi. Guru Arjan, Guru wetu wa tano, alipokusanya kitabu pale Amritsar na kukikamilisha 1604, Bhai Gurdas akiwa ndo mwandishi, aliweka mbele kabisa kile ambacho watu walikuwa tayari wanakisoma kila siku, kwa hiyo desturi imekitangulia kitabu. Guru Nanak, Guru wetu wa kwanza, alipotulia Kartarpur kando ya mto Ravi, akilima shamba lake kama mkulima mwingine yeyote wa Punjab, watu wake walikuwa wanaimba So Dar jioni na kusoma Japji alfajiri, na huyohuyo Bhai Gurdas ameliandika jambo hilo kwenye mashairi yake. Guru Nanak alifariki 1539. Piga hesabu mwenyewe ratiba hii ina umri gani.

Mi kazi yangu ni kufundisha watu kusoma Gurmukhi, mwandiko wa kitabu hicho, watoto na wazee, na maswali ninayopata mitaani ni yaleyale, kilemba, kirpan (upanga mdogo tunaouvaa) na chakula cha bure cha Makindu. Sina shida nayo, gurudwara ya Makindu iko pale barabara ya Mombasa tangu 1926 na imelisha wasafiri wa kila dini, hata mimi ningeanza kuuliza kuhusu chakula. Ila ukitaka kujua Kalasinga anafanya nini na Mungu wake kila siku, anasoma. Hatuna ukasisi, na sanamu hatuabudu, na yule granthi unayemwona mbele gurudwara ni mtunzaji na msomaji wa kitabu, kazi ambayo mwanamke au mwanaume yeyote aliyejifunza anaweza kuifanya.

Kusoma huko kwa kila siku kunaitwa nitnem. Kanuni yetu rasmi, Sikh Rehat Maryada, iliyopitishwa 1945, imeweka kiwango cha chini, sala tatu asubuhi (Japji, Jaap na Savaiye), moja jioni (Rehras), moja kabla ya kulala (Sohila). Unaamka amritvela, yaani yale masaa matatu kabla ya kupambazuka, unaoga, unakaa chini unalitaja jina la Mungu, Waheguru, halafu unasoma. Huku kwetu karibu na ikweta mambo ni rahisi, jua linatoka karibu saa ileile mwaka mzima, ukizoea saa tisa na nusu usiku umezoea maisha. Ndugu zetu waliohamia Birmingham poleni sana, manake mwezi wa sita kule alfajiri inaingia mtu hata hajamaliza usingizi wa kwanza. Na hii ya kuamka mapema haikuletwa na kamati, imo ndani ya Japji yenyewe, ubeti wa nne unakwambia saa hizo za alfajiri utafakari jina la kweli na ukuu wake.

Japji ina beti 38, na salok, yaani shairi fupi, moja mbele na moja nyuma. Inatanguliwa na Mul Mantar, mistari michache ambayo mtoto wetu anaijua hata kabla hajaanza shule, kwamba Mungu ni mmoja, jina lake ni kweli, ndiye muumba, hana hofu, hana uadui na yeyote, yuko nje ya wakati, hakuzaliwa, yupo kwa nafsi yake, na anajulikana kwa neema ya Guru. Halafu ubeti wa kwanza tu Guru Nanak anauliza swali ambalo kitabu kizima kinalijibu, mtu atakuwaje mkweli, ukuta wa uongo utavunjikaje? Na analijibu palepale, kwa kutembea ndani ya hukam, amri ya Mungu, ile iliyoandikwa pamoja na wewe tangu mwanzo. Kurasa 1429 zinazofuata ni maelezo ya mstari huo, ndivyo ninavyoona mimi, na kuna wenzangu wanasema nimerahisisha mno. Sawa tu.

Jaap na Savaiye, mbili zilizobaki za asubuhi, hazimo kwenye Guru Granth Sahib, ni za Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, na ziko kwenye kitabu kingine, Dasam Granth. Jaap ina beti 199 za kumtaja Mungu kwa sifa zake, mistari mifupi inakimbia, Kibraj na Kisanskriti vimechanganyika na Kiajemi na Kiarabu. Savaiye kumi ndo nazipenda zaidi, manake hazikuachi ukajisifu kwamba umeamka mapema. Pale inamcheka mtu anayefumba macho akakaa kama korongo akijifanya yuko kwenye tafakuri, inamcheka na yule anayezunguka kuoga bahari saba, inasema huyo kapoteza dunia hii na ile nyingine pia. Waliopenda ndio waliompata Mungu, basi. Hebu fikiria, dini inakuamsha saa tisa usiku, inakuogesha, inakukalisha chini, halafu inakwambia usidhani kuoga na kukaa kimya ndo kumekupa kitu!

Jioni jua likizama ni Rehras. Hii sitakaa nayo sana, ni ndefu kidogo na imekusanya vipande vya Magurus tofauti, zikiwemo zile nyimbo za ukurasa wa 8 hadi 12, na Chaupai, sala ya Guru Gobind Singh ya kuomba ulinzi. Wimbo wa kwanza, So Dar, unauliza liko wapi lango lako, iko wapi hiyo nyumba unayokaa ukiwaangalia wote, halafu unataja wote wanaoimba hapo mlangoni, upepo, maji, moto, mashujaa, wacha Mungu. Familia nyingi Rehras ndo wanaisoma pamoja sebuleni, manake asubuhi kila mtu na haraka zake.

Sohila sasa. Ni fupi kuliko zote, nyimbo tano tu, tatu za Guru Nanak, moja ya Guru Ram Das, moja ya Guru Arjan, dakika tano umemaliza. Inasomwa kitandani au kabla ya kupanda kitandani, na hiyohiyo inasomwa kwenye mazishi yetu tunapochoma mwili. Watu wakisikia hivo wanashtuka, mbona mnamsomea mtoto wa miaka saba wimbo wa msiba kila usiku? Ukiusoma wimbo wa kwanza utaelewa. Guru Nanak anasema mwaka na siku ya harusi vimeshaandikwa, njooni pamoja mmwage mafuta mlangoni, kama walivyofanya Punjab kumkaribisha bwana na bibi harusi, mniombee nikutane na Bwana wangu. Kifo hapo ndo harusi. Halafu anaongeza kwamba mwaliko huo unapelekwa nyumba hadi nyumba, kila siku kuna anayeitwa, mkumbukeni anayeita. Mtoto anayelala na maneno hayo miaka yote, siku babu yake anafariki maneno anayasikia si mageni. Nimeona watoto kwenye mazishi wakiisoma Sohila kwa kichwa wakati watu wazima sauti imekatika.

Humohumo kwenye Sohila kuna wimbo wa tatu ambao mapokeo yanasema Guru Nanak aliuimba Puri, kwenye hekalu la Jagannath, alipoona makuhani wanazungusha sinia la taa mbele ya sanamu. Akasema mbingu ndo sinia, jua na mwezi ndo taa, nyota ni lulu zake. Basi na sisi tunausoma taa zikiwa zimezimwa.

Kuna jambo wageni hawalijui. Kitabu chenyewe nacho kina siku yake. Tangu 1708, Guru Gobind Singh alipokuwa Nanded karibu na kufariki na kutangaza kwamba baada yake hakuna Guru mwingine wa kibinadamu, Granth ndiye Guru, na Guru hawekwi kabatini. Alfajiri anafunguliwa, tunaita parkash, anakaa juu ya kiti chini ya dari ya kitambaa, anafunikwa kwa rumala, vitambaa vya heshima, anapepewa na chauri, yaani usinga. Usiku Sohila inasomwa, anafungwa kwa nguo, anabebwa juu ya kichwa mpaka chumba chake cha kupumzika. Pale Harmandir Sahib, lile hekalu la dhahabu la Amritsar, anabebwa kwa palki, yaani machela, alfajiri kutoka Akal Takht, jengo lililo mbele yake, kwenda ndani, baragumu linalia, watu wanagombania hata kuugusa mkono wa palki, na usiku anarudishwa. Nakala zikichakaa hazitupwi, zinachomwa kwa heshima. Ukiniuliza je, hiyo si kuabudu kitabu, nitakujibu kwamba tunainamia neno lililomo, na kama unainama halafu hulisomi basi swali lako lina haki kabisa.

Na neno tunalipokea hivi. Asubuhi kitabu kikifunguliwa, kinafunguliwa popote pale bila kuchagua, na wimbo ulio juu kabisa upande wa kushoto ndo hukam ya siku. Hapa watu wengi wanakosea. Kama wimbo huo ulianzia ukurasa wa nyuma unarudi nyuma uusome tangu mwanzo, huruhusiwi kukata katikati. Hukam ya Harmandir Sahib siku hizi inafika kwenye simu za watu dunia nzima kabla hawajanywa chai.

Kusoma kwenyewe ni ufundi. Magurus wote sita wenye nyimbo humo walijitaja kwa jina moja tu, Nanak, kwa hiyo ukitaka kujua nani kaandika unaangalia kichwa cha wimbo, Mahala 1 ni Guru Nanak, Mahala 5 ni Guru Arjan, na kuendelea. Humo pia wamo watu ambao hawakuwa Makalasinga kabisa, Kabir mfumaji wa Banaras, Ravidas fundi wa ngozi, na Sheikh Farid, Mwislamu wa tarika ya Chishti aliyezikwa Pakpattan. Wanafunzi wangu Waislamu wanaokuja kwa ajili ya lugha tu, hapo kwa Sheikh Farid ndo wanaanza kuniuliza maswali magumu. Halafu kuna larivaar, mwandiko wa asili usio na nafasi kati ya maneno. Chukua meseji ya WhatsApp imeandikwa leojioninitakujakwakotukalechakula, utaisoma, lakini lazima ujue lugha. Nakala nyingi siku hizi zimetenganishwa maneno, inasaidia wanaoanza, ila mi nashikilia kila mwanafunzi aonje larivaar kidogo, manake haikuruhusu kukimbia.

Na kukimbia ndo ugonjwa wetu. Japji ya dakika ishirini mtu anaimaliza kwa nane akiwa anaendesha gari Mombasa Road. Sisemi ni dhambi, nasema umesikia nini hapo? Ugonjwa wa pili ni Akhand Path, usomaji wa kitabu kizima bila kukata, inachukua kama masaa 48, wasomaji wanapokezana usiku na mchana. Kanuni inataka wasome wenyewe familia, ndugu na marafiki. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba wasomaji wanalipwa, wenye nyumba wako jikoni na kwenye simu, wanatokea siku ya mwisho wamevaa vizuri kupiga picha. Wengine wanaweka na mtungi wa maji, taa ya samli na nazi kando ya kitabu, vitu ambavyo kanuni hiyohiyo imevikataza wazi. Kama familia haina wasomaji wa kutosha kuna Sehaj Path, kitabu hichohicho unakisoma taratibu, miezi mitatu, mwaka, hakuna anayekufukuza. Mi nimeshawashauri watu wengi wabadilishe na bado wanaona Akhand Path ndo yenye hadhi.

Kuhusu simu kuna mabishano. Zamani kila mtu alikuwa na gutka, kijitabu cha nitnem kilichofungwa kwenye kitambaa safi, sasa ni app. Wazee wanalalamika, mi sioni tatizo mradi umefunika kichwa, umevua viatu, na umezima data, kwa sababu meseji ya WhatsApp ikiingia katikati ya ubeti wa ishirini hutarudi tena.

Wanaoanza kwangu siwapi Japji kwanza, wanakata tamaa wiki ya kwanza. Nawaanzishia Sohila, tena kwa nyimbo mbili, ya harusi na ile ya sinia la taa, wakisoma pole pole kila usiku na kuandika maana kwa maneno yao wenyewe, wakizoea wanaongeza tatu zilizobaki. Zikikaa vizuri ndo tunarudi ukurasa wa 1, Mul Mantar, halafu Japji beti tano tano.