Madumu ya petroli, tina na mafuta ya taa: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Wengi wetu tukiona dumu la petroli tunayaangalia mafuta, na hapo ndo tunapokosea, kwasababu kinachowaka sio yale mafuta, ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa. Ukilishika hilo, mengi tunayoambizana yanaanguka yenyewe.

"Moto uko mbali, hamna shida." Hii ndo inayounguza nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, haupandi kama moshi, unashuka unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, unapita chini ya mlango, unaingia chumba cha pili unakuta jiko limewashwa au friji inajiwasha na kujizima, cheche moja tu na moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye dumu. Kwahiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, stoo inatakiwa iwe na matundu chini kabisa usawa wa sakafu na mengine juu. Na kwenye friji ya kawaida usiweke tina (ile ya kuzimulia rangi) wala asetoni (ya kutolea rangi ya kucha) hata kidogo, ndani mle kuna swichi zinazotoa cheche.

"Kukiwa na baridi haiwezi kushika." Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa we baridi gani hiyo unayoitegemea? Mafuta ya taa yanaanzia kama nyuzi 38, dizeli ni zaidi ya 50, ndo maana watu wanazichukulia poa, lakini pipa lililoshinda juani linaweza kuzifikia nyuzi 38 bila wewe kujua, na dizeli ikilowa kwenye kitambaa au ikiruka kama manyunyu inashika moto vizuri tu.

Halafu hili la pipa tupu, jamani. Nilishamkuta fundi ameinamisha pipa anachungulia ndani, ananiambia hili kavu, nimelisuuza na maji, na grenda iko mkononi tayari. Nikamwambia weka pua hapo kwenye tundu. Akanusa, akaizima grenda. Mvuke wa petroli unalipuka ukiwa kama asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, pipa lililojaa halina nafasi ya hewa nyingi ndani ila pipa "tupu" lina hewa na lina mabaki yaliyojificha kwenye kutu na maungio, maji ya kusuuzia hayayatoi yote. Pipa tupu lifunge na ulitunze kama limejaa, usilikate wala kulichomelea.

"Chupa ya maji inatosha kuwekea mafuta, ni kidogo tu." Hapana!! Mtoto anaona chupa ya maji anakunywa, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni ni hatari, usimtapishe, mkimbize hospitali. Tumia chombo cha mafuta chenye kifuniko kinachobana na kiandike jina, usikijaze mpaka mdomoni maana mafuta yanatanuka kwenye joto, na wakati wa kujaza kiweke chini ardhini, sio ndani ya gari, umeme tuli, ule unaojikusanya kwa msuguano, unatoa cheche usiyoiona.

"Nje kuna hewa, weka popote." Kivulini, mbali na ukuta, milango, mitaro na majani makavu. Ukiwa na mapipa mengi jenga kizuizi kuzunguka chenye uwezo wa kubeba asilimia 110 ya pipa kubwa kuliko yote, ili likipasuka yasitiririke kwa jirani.

"Ikiwaka mwagia maji." Petroli inaelea juu ya maji, unausambaza moto tu. Tumia kizima moto cha poda, povu au kaboni dayoksaidi, na kikae nje ya mlango, sio pembeni ya madumu ambako hutaweza kukifikia.

La mwisho ni matambara. Yaliyofutia mafuta ya kitani, yale ya kupaka mbao, ukiyarundika pembeni yanajipasha joto yenyewe na kuwaka usiku bila kiberiti wala cheche yoyote. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji, ufunike.