Mnara wa Pisa: jengo lililookolewa na kuchelewa kwake

Wageni wengi wanaofika Pisa, nchini Italia, huuliza kwa nini mnara ule umeinama. Kwa mtu kama mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza udongo kabla ya majengo kusimamishwa juu yake, swali hilo halina ugumu mkubwa. Linalonishangaza zaidi ni kwamba mnara haukuanguka, na maelezo yake yamo katika historia ya ujenzi wenyewe.

Tuanze na ardhi. Tabaka la juu, lenye kina cha takriban mita 10, ni mchanganyiko wa mchanga mwembamba na tope, tena upande wa kusini hudidimia kwa urahisi kuliko upande wa kaskazini. Chini yake upo udongo laini wa mfinyanzi ulioachwa na bahari ya kale, unaoshuka hadi kina cha mita 40 hivi, na ndipo unapoufikia mchanga mgumu. Juu ya ardhi hiyo waashi waliweka jengo lenye uzito wa takriban tani 14,500, kwenye msingi usiofika mita 20 kwa kipenyo, uliochimbwa mita 3 tu. Leo mhandisi akipelekewa mchoro wa namna hiyo ataurudisha mezani siku hiyo hiyo.

Kazi ilianza mwaka 1173. Ulikusudiwa kuwa mnara wa kengele wa kanisa kuu lililo jirani, na miongoni mwa waliochangia alikuwamo mjane aitwaye Berta di Bernardo, aliyeusia soldi 60 (sarafu za zama hizo) za kununulia mawe. Kufikia mwaka 1178 hivi, waashi wakiwa kwenye ghorofa ya nne, ujenzi ulisimama na ukakaa karibu miaka 100. Pisa ilikuwa dola ya wafanyabiashara wa baharini yenye vita visivyokwisha na majirani zake, na mnara haukuwa jambo la dharura.

Miaka hiyo ndiyo iliyouokoa. Mfinyanzi laini umejaa maji, na ukiubebesha mzigo, maji hutoka polepole mno, kama tui linavyotoka kwenye kifumbu kinachokamuliwa bila haraka. Kadiri yanavyotoka ndivyo udongo unavyoshikamana na kupata nguvu. Hesabu za wahandisi wa siku zetu zinaonyesha kwamba waashi wale wangeendelea kupandisha mawe bila kusimama, ardhi ingeachia na mnara ungeanguka kabla haujakamilika. Mwaka 1272 kazi ilianza tena chini ya Giovanni di Simone, ikafika ghorofa ya saba, ikasimama tena mwaka 1278. Miaka 6 baadaye Pisa ilishindwa vibaya na Genoa katika vita vya baharini vya Meloria, na udongo ukapata mapumziko mengine marefu. Chumba cha kengele kilimaliziwa na Tommaso Pisano katika nusu ya pili ya karne ya 14.

Haya yote mgeni anaweza kuyaona kwa macho yake akijua pa kutazama. Ngazi huzunguka ndani ya unene wa ukuta, na unapopanda mwili unasukumwa mara kwenye ukuta wa ndani, mara kwenye ule wa nje, kutegemea upande uliopo. Hata marumaru ya vidato imelika upande mmoja mahali hapa na upande mwingine mahali pale. Nilikaa muda mrefu juu kabisa, kwenye sakafu ya chumba cha kengele, ambako kuna vidato 6 upande wa kusini na 4 tu upande wa kaskazini. Fundi aliyevipanga alijua barabara kwamba mnara unakwenda kusini, akajaribu kuirudisha sakafu yake katika usawa. Waliomtangulia walifanya vivyo hivyo kwa kuchonga mawe yaliyo manene upande mmoja na membamba upande wa pili, na kwa sababu hiyo mnara haukunyooka kama fimbo bali umepinda kidogo kama ndizi. (Habari ya mwanasayansi Galileo kudondosha vitu kutoka huko juu wanahistoria wengi wanaitilia shaka, ingawa hutaikosa katika maelezo ya matembezi.)

Waliokuja baadaye walikuwa na haraka zaidi. Mwaka 1838 msanifu majengo Alessandro Gherardesca alichimba njia kuzunguka kitako cha mnara ili nguzo zilizozama zionekane. Alifika chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji yakafurika, na mnara ukainama zaidi. Katika miaka ya 1930 msingi ulitobolewa mamia ya mashimo na kujazwa saruji, na ukasogea tena.

Mwaka 1989 mnara wa kale wa mji wa Pavia uliporomoka na kuua watu 4, na Januari 1990 mnara wa Pisa ukafungwa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Michele Jamiolkowski iliweka vipande vya madini ya risasi vyenye uzito wa tani 600 upande wa kaskazini. Mwaka 1995 udongo uligandishwa ili nyaya za kuuzuia mnara zifungwe, lakini mnara ukaanza kusogea kusini, kazi ikasimamishwa kwa hofu kubwa na risasi ikaongezwa hadi takriban tani 900.

Ufumbuzi uliofaa ulikuwa umependekezwa na mhandisi Fernando Terracina tangu mwaka 1962: usiuguse upande wa kusini uliolemewa, bali toa udongo chini ya upande wa kaskazini. Kati ya mwaka 1999 na 2001, kwa keekee zilizopitishwa ndani ya mabomba ya mshazari, udongo ulichotwa kidogo kidogo, huku kila mwendo wa mnara ukipimwa kabla ya kuchota tena. Jumla yake ilikuwa mita za ujazo 38 hivi, na mnara ukarudi nyuma kwa takriban nusu ya nyuzi (digrii), yaani karibu sentimita 45 kwenye kilele. Ulifunguliwa tena Desemba 2001.

Wapo wanaouliza kwa nini hawakuunyoosha kabisa. Nusu ya nyuzi ilitosha kupunguza mbano uliokuwa ukitishia kupasua mawe ya upande wa kusini. Na hata wangetaka, haiwezekani: kitako kikisimama wima, ghorofa za juu, ambazo waashi wa karne ya 13 na 14 walizielekeza kaskazini kwa makusudi, zingeinama upande wa pili.