Pac-Man alikuwa amelala ubavu ndani ya kioo

Mashine ya gemu ililetwa karakana kwangu Mwanjelwa, Mbeya, juu ya kirikuu, imelazwa na kufunikwa turubai, maji ya mvua ya Tukuyu bado yakichuruzika pembeni. Mwenye nayo, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huko, alikuwa ameshanipigia simu: "Fundi, lile gemu la marehemu kaka yangu halitoi picha. Naomba ulirudishe lilivyokuwa." Nikaitika, "Sawa mama." Nilijua anasema Street Fighter II, gemu la ngumi na mateke, maana ndilo jina lililobandikwa juu, na ndilo vijana walilopigania foleni tangu kaka yake alipolivusha Tunduma kutoka Zambia.

Siku ya kwanza nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Rangi nyeusi ya ubavuni ilikuwa inabanduka, nikachukua mashine ya msasa nikausafisha ubavu wa kushoto wote. Vumbi la mwisho lilitoka la njano. Nikadhani ni rangi ya msingi tu.

Kesho yake ndipo nikamulika kioo kwa tochi, umeme ukiwa umezimwa. Kioo cha aina hii, kile kinene chenye mgongo kama cha televisheni za zamani, kikionyesha picha moja isiyosogea kwa maelfu ya saa, fosfori iliyopakwa ndani yake huchoka mahali palepale mwanga ulipokaa. Alama hubaki hata ukizima. Juu niliona kivuli cha mistari miwili mifupi, ndiyo ile ya kupima uhai wa wapiganaji. Lakini chini yake kulikuwa na michoro mingine iliyoungua zaidi: vichochoro vya pembe mraba, kijumba katikati, vyote vimelala ubavu. Nikainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega. Pac-Man.

Mambo yote yakajipanga. Pac-Man ni gemu la Namco la Japani, la mwaka 1980. Marekani lilitengenezwa na Midway kwenye makasha ya njano yenye mchoro ubavuni wa mhusika mwenye macho na miguu. Picha yake imesimama, nukta 224 kwa upana na 288 kwa urefu, kwa hiyo kioo hufungwa wima. Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991, picha yake ni ya kulala. Aliyebadilisha mashine alifungua fremu ya kioo, akaizungusha nyuzi 90, akakata mbao mbili zilizomzuia, akafunga tena. Kioo chenyewe hakuhitaji kukibadilisha, kwa sababu magemu yote mawili hutuma mistari ya picha kwa kasi ya karibu kilohezi 15.

Simlaumu mtu huyo. Kasha na kioo ndivyo ghali. Gemu likiwachosha wateja, mwenye biashara hununua bodi mpya, yaani ile sahani ya saketi inayobeba gemu, anatoboa paneli, anapaka rangi, maisha yanaendelea. Ila mchoro wa ubavu wa kushoto niliufuta mimi, wala si yeye. Wa kulia niliufikia taratibu, kwa wembe na kitambaa chenye spiriti, nikipapasa sentimita chache kila jioni, na njano ikatoka na mguu mmoja mzima.

Nikampigia mama, nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Kumbe kaka alinunua kitu ambacho hata yeye hakukijua," akasema. "Basi rudisha hicho cha kwanza." Mpwa wake alipendekeza tununue bodi ya Kichina yenye magemu 60, Pac-Man akiwemo, tuchomeke tumalize. Ni rahisi na inafanya kazi, siipingi. Lakini mama ana mtoto Marekani, akatupatia bodi halisi iliyotumika, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanzia.

Tangu mwaka 1985 bodi nyingi za Japani zilifuata mpangilio mmoja wa waya uitwao JAMMA: soketi moja ndefu yenye pini 56, yaani 28 kila upande, na kila pini ina kazi inayojulikana. Ndiyo maana fundi aliyetangulia aliweza kuikata soketi ya zamani na kufunga hii. Hata hivyo JAMMA ya kawaida ina vitufe vitatu tu kwa kila mchezaji, na Street Fighter II inataka sita. Vitufe vya mateke vilipita kwenye waya wa pembeni, na nilivikuta vimefungwa kwa gundi tepu iliyogeuka uji.

Bodi ya Pac-Man ni ya kabla ya utaratibu huo. Ina pini 44, na tofauti kubwa iko kwenye umeme. Bodi za JAMMA hupewa volti 5 ambazo zimeshanyooshwa, yaani DC. Pac-Man hupewa umeme wa kupishana, yaani AC, wa volti kama 7 kutoka kwenye transfoma, halafu bodi yenyewe inaunyoosha. Mkondo mkubwa hupita kwenye meno machache ya shaba, meno yanapata joto, soketi inalegea, joto linazidi. Bodi yetu ilifika na meno mawili ya rangi ya kahawa iliyokaangwa ikapitiliza. Niliyasafisha, nikayavisha risasi ya kulehemu upya, nikafunga soketi mpya. Transfoma ya asili ilikuwa imeng'olewa, na kibati cha nyuma kinasema volti 115, wakati soketi zetu zina 230. Nikaweka transfoma ya kushusha, na nyingine ya kutenganisha kwa ajili ya kioo peke yake. Usiiruke hiyo ya pili. Chasi ya vioo vingi vya aina hii inagusana na umeme wa ukutani, na ukishika fremu vibaya, hutapata nafasi ya kusimulia.

Na kabla ya kuzungusha kioo, toa chaji. Kofia ya mpira iliyo mgongoni mwa tyubu, yaani kioo chenyewe, hubeba karibu volti elfu 20, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuzima. Bisibisi ndefu yenye mpini mzima, waya kutoka kwenye chuma chake uliofungwa kwenye ule mkanda wa waya uliosukwa unaopita nyuma ya tyubu, ncha chini ya kofia, mkono mmoja mfukoni. Rudia mara mbili.

Nilipowasha mara ya kwanza skrini ilijaa herufi zilizotapakaa. Ilikuwa chipu moja ya kumbukumbu, 2114, nikabadilisha, zikajipanga. Programu nzima ya gemu hili ni kilobaiti 16. Picha moja ya harusi kwenye simu yako inaimeza mara mia.

Mbao sina mengi. Sakafu ya kasha ilikuwa imevimba kwa maji ya deki, nikaweka plaiwudi ya Mafinga. Paneli nilimpelekea fundi bodi wa magari, akachomelea vibati nyuma ya matundu 12 ya vitufe, akapiga puti, akapulizia rangi. Pac-Man hana kitufe cha kuchezea hata kimoja. Ni mpini mmoja katikati na vitufe vya kuanzia. Mpini wenyewe uwe wa njia nne. Wa njia nane unakubali mshazari, na mchezaji anakwama kwenye kona huku akijiona hana kosa.

Kuhusu upande wa kugeuzia fremu, kioo kilinijibu chenyewe: maneno HIGH SCORE yameungua pale yalipokuwa juu. Nikaigeuza fremu kufuata maandishi. Gemu lilipowaka, vichochoro vipya vilikaa milimita chache kulia kwa vile vilivyoungua. Nikashika skrubu ya kusogeza picha, nikazungusha robo, robo tena, mpaka mistari ya buluu ikalala juu ya vivuli vyake.

Mama alikuja kuichukua na mjukuu wake. Mtoto akapanda kwenye kreti la soda, akashika mpini, kisha akaanza kupapasa paneli kwa kiganja, pale palipopigwa puti.

"Babu fundi," akasema, "cha teke kiko wapi?"