Paa la sentimita nne: Félix Candela na mbao zilizonyooka

Juzi tukiwa saiti, tunasubiri gari la zege, kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo aliniuliza kwa nini slabu, lile bamba bapa la zege la paa, ya ukumbi tunaojenga iwe nene vile. Nikamwambia kuna mgahawa Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, wenye kipenyo cha mita 40 na ushei, na zege la paa lake ni sentimita 4. Akacheka. Alidhani namtania.

Mgahawa huo unaitwa Los Manantiales, wa mwaka 1958, na aliyelibuni ganda lake, yaani lile paa jembamba la zege lililopindwa, ni Félix Candela. Ni Mhispania, mzaliwa wa Madrid mwaka 1910, aliyehitimu usanifu majengo hapo hapo mwaka 1935. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Alipigana upande wa Jamhuri, upande ulioshindwa, akajikuta kambini Ufaransa, kisha mwaka 1939 akavushwa hadi Mexico akiwa mkimbizi. Ndiyo maana ukitaka kuona kazi za msanifu huyu wa Hispania, tiketi ya kwanza ukate ya Mexico.

Siri ya paa lile ni umbo. Shikeni kanga watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Wawili wanaokabiliana wainue mikono, wawili wengine washushe. Upande mmoja kanga inapanda kama tao, upande wa pili inaning'inia kama kamba. Zege likishika umbo hilo, tao linasukuma, kamba inavuta, na mzigo unasafiri ndani ya ganda hadi kwenye nguzo badala ya kulipinda katikati. Slabu bapa haina pa kukimbilia, kwa hiyo tunaiongezea unene na nondo.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni useremala. Chukua fito nne, funga mraba, inua pembe mbili zinazokabiliana, kisha vuta nyuzi kutoka fito hadi fito. Kila uzi umenyooka kama rula, ila zote kwa pamoja zinachora tandiko la farasi. Maana yake fundi wa Candela hakuhitaji kukunja mbao hata moja. Alipigilia mbao za kawaida zilizonyooka, akasuka nondo nyembamba juu yake, vibarua wakapandisha zege kwa ndoo.

Mwaka 1950 Candela alikuwa ameanzisha na nduguze kampuni ya ujenzi, Cubiertas Ala, hivyo alichora, akakokotoa na kujenga mwenyewe. Mwaka 1951 chuo kikuu cha taifa kilitaka maabara ya kupima miale kutoka anga za juu, yenye paa jembamba ili miale ipenye. Kileleni akamwaga milimita 15! Watu wanakumbuka makanisa yake, ila mkate wake ulitoka kwenye maghala na viwanda: miavuli ya zege, nguzo moja katikati na maji ya mvua yakishuka ndani yake. Si kila kitu kilimnyookea. Kule Cuernavaca sehemu ya kanisa dogo ilianguka mbao zilipofunguliwa, ikabidi ijengwe upya.

Kuba la shaba la Palacio de los Deportes, ukumbi wa michezo wa Olimpiki ya 1968 Jiji la Mexico, nalivulia kofia, ingawa mimi silioni kama Candela halisi. Limebebwa na vyuma. Alihamia Marekani mwaka 1971 kufundisha, akafariki mwaka 1997. Mgahawa wake wa Oceanogràfic, bustani ya viumbe wa baharini mjini Valencia, Hispania, wenye paa la umbo la petali za ua kama lile la Xochimilco, ulifunguliwa yeye akiwa ameshafariki.

Kijana akauliza kwa nini basi hatujengi hivyo. Nikamwonyesha maseremala wetu wawili waliokuwa wakinywa chai. Paa la Candela linakula zege kidogo, lakini linakula siku nyingi za seremala, na mishahara ilipopanda Mexico miaka ya 1960, hesabu ile ikakataa. Gari la zege likaingia getini, tukaenda kumwaga slabu yetu.